Gari lililopendeza kwa kuvuliwa mapambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu magari ya kifahari ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960. Mwandishi aliyafananisha magari hayo yote na bibi harusi aliyevishwa vito vya ukoo mzima kwa siku moja, na picha iliyoambatana na maneno yake ilikuwa ya Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi marefu nyuma na taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi kila upande. Kuhusu Cadillac hiyo sina ugomvi naye, na mfano wake wa bibi harusi umenichekesha kwelikweli. Ugomvi wangu ni juu ya neno "yote". Miaka miwili tu baada ya Cadillac hiyo, katika jimbo lilelile la Michigan, lilitoka gari la kifahari ambalo uzuri wake ulipatikana kwa kuondoa, wala si kwa kuongeza. Gari hilo ni Lincoln Continental ya 1961. Mimi ni fundi bodi mstaafu, nimepata riziki yangu kwa kunyoosha mabati ya magari ya watu katika gereji za mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kwa zaidi ya miaka 40, na kama kuna jambo ninaloweza kulitolea ushahidi bila kubabaika, ni ubavu wa gari.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa kilichofanyika, hana budi kwanza kukumbuka mapezi yalikotoka. Harley Earl, aliyekuwa mkuu wa wabunifu wa General Motors, aliiona ndege ya kivita ya P-38, yenye mikia miwili, akavutiwa nayo, na baada ya Vita Kuu ya Pili dalili ya mikia ile ikajitokeza kwenye fenda za nyuma za Cadillac ya 1948, ikiwa bado kinundu tu kilichobeba taa. Kinundu kikakua. Kwa mwaka 1957 Virgil Exner wa Chrysler akatoa magari yenye mapezi yaliyopanda juu kwa ujasiri ambao haujawahi kuonekana, wabunifu wa General Motors wakayaona, wakarudi kazini na hofu, wakaitupa michoro waliyokuwa nayo, na jibu lao ndilo lile mlilolichapisha kwenye picha yenu. Yalikuwa mashindano ya majirani wanaopandishiana ukuta: huyu akiongeza tofali moja, yule anaongeza mawili. Lincoln yenyewe, chapa ya kifahari ya kampuni ya Ford, haikuwa nje ya mashindano hayo. Matoleo yake ya 1958 hadi 1960 yalikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5.7, taa za mbele zimelazwa mshazari kama macho ya mtu aliyeudhika, na ubavuni yalichongwa mabonde ambayo mpaka leo jicho langu halijayaona sababu yake. Hayakuuzika vizuri, na ndani ya kampuni ya Ford ilifika mahali pa kujadili kama jina la Lincoln liendelee kuwapo.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye hakuna ambaye angemtarajia katika habari za urembo. Robert McNamara, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kama Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikuwa wakati huo miongoni mwa viongozi wa juu wa Ford, mtu wa mahesabu, aliyeipigania Ford Falcon ya 1960 kwa sababu ilikuwa ndogo, nyepesi na isiyo na makuu. Mbunifu Elwood Engel na kikundi chake walikuwa wametengeneza kwa udongo mfano wa gari, wakitumaini ungekuwa Ford Thunderbird ya 1961, gari la milango miwili. Mfano mwingine ndio uliochaguliwa. McNamara alipouona ule wa Engel hakuuacha ukabomolewa, bali aliuliza kama unaweza kurefushwa na kupewa milango minne, uwe Lincoln. Ukarefushwa. Novemba 1960 McNamara akawa rais wa kampuni, na Januari 1961 alikwishaondoka kwenda kumtumikia Rais Kennedy. Mimi huona kwamba bahati ya gari lile ilikuwa kupata mlezi asiye na subira na urembo, kwa sababu msanii akiachwa peke yake na kazi yake huwa hajui kuacha. Kila asubuhi anaona mahali pa kuongeza kitu.

Watu wa rika langu wengi wanalijua gari hili kwa msiba. Ndilo lililombeba Rais Kennedy mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, miezi minne tu baada ya Mwalimu Nyerere kukutana naye Washington, nami nilikuwa mtoto wa shule niliyewaona wazee wakikizingira redio bila kusema neno. Kwa miaka mingi sikulijua zaidi ya picha zile za kusikitisha. Mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Michigan, naye akanipeleka kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford mjini Dearborn, ambako gari lile limehifadhiwa. Halikutupwa baada ya msiba. Lilijengwa upya, likawekewa paa gumu na kinga ya risasi, rangi yake ya bluu iliyokoza ikageuzwa kuwa nyeusi, likaendelea kuwahudumia marais hadi 1977.

Nilisimama mbele yake kwa heshima, lakini jicho la fundi halina adabu. Kabla sijasoma kibao cha maelezo nilimwambia binti yangu kwamba gari hili limekatwa. Na kweli, kampuni ya Hess & Eisenhardt ya Cincinnati ilikuwa imelichukua gari la kawaida la paa la kukunja, ikalikata na kuliongezea urefu wa takriban mita 1. Sisi wa Arusha hatuhitaji kuelezwa kazi hiyo. Katika mji huu Land Cruiser hukatwa, huongezewa kipande cha chesisi na bodi, paa lake hufanywa la kunyanyuka, ili watalii wengi zaidi wakae kwa raha na wasimame wakitazama simba. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mno, na ninajua kwamba gari lililorefushwa hubeba watu vizuri huku likipoteza umbo, kama ubeti ulioongezewa mizani: maneno yote yapo, ila ukiuimba unakwama. Gari la rais lilikuwa hivyo. Nilitoka pale nikiwa nimeiona historia, ila uzuri niliousoma kwenye majarida sikuuona.

Uzuri niliuona siku mbili baadaye, nje ya duka la vyakula, mahali pa kuegesha magari. Katikati ya magari ya kisasa yenye mgongo wa kobe ilikuwapo Lincoln ya 1961, ya paa la bati, rangi ya samawati iliyopauka kidogo. Mwenyewe alikuwa mzee wa umri wangu aliyebeba mfuko wa viazi. Binti yangu alimweleza kwamba baba yake ni fundi bodi kutoka Tanzania, na mzee yule akaweka mfuko chini, akasema nitazame nitakavyo. Nikachuchumaa kwenye kona ya nyuma, jicho likiwa usawa wa kitasa, nikautazama ubavu kwa urefu wake wote hadi mbele, kama tunavyofanya gerejini kabla ya kupiga rangi.

Hapa naomba subira ya msomaji asiye fundi, kwa sababu ndipo penye hoja yangu. Mtu anaweza kudhani kwamba bati lililonyooka ni rahisi kulitengeneza kuliko bati lenye michongo. Ni kinyume kabisa. Bati lenye mikunjo, mabonde na ncha linajishikilia lenyewe kwa nguvu ya mikunjo yake, na kosa dogo la nyundo hupotea katikati ya michongo; ukishindwa kabisa, unabandika ukanda wa nikeli juu ya kosa na mteja anakulipa zaidi. Bati pana lililokaribia kuwa bapa halina mahali pa kujificha. Likipata joto kupita kiasi wakati wa kuchomelea, linavimba na kudunda kama kifuniko cha debe. Puti, ile lipu ya kusawazishia bati, ikikaa vibaya kwa unene wa ukucha tu, jua la saa kumi na moja jioni linaitangaza kwa mtaa mzima, na taswira ya nyaya za umeme ikipita juu ya rangi mpya inapinda kama nyoka. Nakumbuka mlango wa Peugeot 504 ambao niliurudia mara tatu, nikausugua msasa wa maji hadi vidole vikatoka ngozi, ilhali mteja alikuwa ameridhika tangu mara ya kwanza na alikuwa akinishangaa. Kwa hiyo mbunifu anayechagua ubavu mtupu hakimbii kazi. Anaibeba kazi yote na kuwabebesha pia wanaotengeneza kalibu za kufyatulia mabati, wachomeleaji, na wapiga rangi, wala hawaachii hata ukanda mmoja wa kufunikia aibu.

Ubavu wa Lincoln ile, kutoka bampa hadi bampa, ni karibu mita 5.4. Katika urefu huo hapakuwa na bonde wala ukanda uliokatiza katikati ya bati. Madirisha ya duka lililokuwa ng'ambo yalijitokeza ndani ya rangi yakiwa yamenyooka, yakasafiri kutoka fenda ya nyuma hadi mlango wa mbele, yakavuka mapengo ya milango bila kuvunjika. Lilikuwa na miaka 53 barabarani, tena katika jimbo ambalo barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa theluji! Mzee alikiri kwamba lilikuwa limepakwa rangi upya mara moja, na huyo aliyelinyoosha, popote alipo, ninamtambua kuwa ni mwenzangu.

Lakini unyoofu peke yake haulifanyi gari kuwa zuri. Hata kontena ni nyoofu. Siri ya Lincoln hii iko begani. Kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma kuna mstari mmoja unaopita juu ya fenda na milango, karibu sambamba na ardhi, na juu ya ukingo wake umelazwa ukanda mwembamba wa chuma king'aacho. Vioo vya madirisha ya ubavuni havikusimama wima juu ya mstari huo. Vilikuwa vioo vilivyopinda, jambo ambalo wakati ule lilikuwa bado geni kwa magari mengi, na kwa kupinda kwake viliinamia ndani kuelekea paa, hivyo kati ya kioo na ukingo wa bodi pakabaki bega, rafu nyembamba ambayo mtu anaweza kulaza vidole juu yake. Bega hilo ndilo linalolipa gari utulivu wake. Paa linaonekana dogo na jepesi, bodi inaonekana pana na nzito chini yake, na macho hayapati sababu ya kuhangaika. Ule ukanda ung'aao nao haukuwekwa kwa ajili ya kujionyesha. Kazi yake ni kulionyesha jicho mahali bati la juu linapokutana na la ubavu, kama fundi cherehani mzuri anavyopitisha darizi nyembamba shingoni mwa kanzu na kuliacha vazi lote jeupe.

Kanzu ndiyo mfano ninaourudia kila ninapolizungumzia gari hili kwa vijana wa gerejini. Kanzu haina mkanda wa kubania mwili wala nakshi ya mgongoni. Ina kitambaa, mkato na mshono, basi. Ndiyo maana kanzu iliyokatwa vibaya huonekana na watu wote kutoka upande wa pili wa barabara, na iliyokatwa vizuri humfanya hata mtu mnyonge aonekane mwenye cheo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikiyatazama mapezi ya 1959 naona gari lililoamka alfajiri na kuzunguka mitaa yote likijitembeza.

Kuna jambo la vipimo ambalo pia linafaa kutajwa. Lincoln ya 1961 ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia kwa karibu sentimita 38. Katika nchi ambayo urefu wa gari ulikuwa kipimo cha cheo cha mwenye gari, kampuni iliyokuwa katika matatizo ilithubutu kuwaambia matajiri wake walipe zaidi ya dola 6,000 kwa gari dogo kuliko la mwaka uliopita. Halikuwa dogo kwa kipimo chetu, bila shaka. Lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2, injini ya V8 ya lita 7 yenye nguvu farasi 300, na hamu ya petroli ambayo hapa kwetu ingemfilisi mtu kabla hajafika Moshi. Kampuni ilizijaribu injini kwa muda wa saa 3 kila moja kabla ya kuzifunga, ikalijaribu kila gari barabarani, na ikatoa dhamana ya miaka 2 au maili 24,000, dhamana ndefu kwa siku zile. Ninayataja haya ili asitokee mtu wa kusema kwamba gari liliachwa tupu kwa ubahili.

Sasa milango. Milango ya nyuma ya gari hili ina bawaba nyuma, kwa hiyo mlango wa mbele na wa nyuma hufunguka kama kabati la nguo, na vitasa vyake viwili vimekaa jirani katikati ya ubavu. Wamarekani wameibandika milango ya namna hiyo jina baya la milango ya kujiua, kwa kuwa mlango wenye bawaba nyuma ukifunguka gari likiwa katika mwendo, upepo huunyakua na kuutupa wazi. Watu wengi hudhani ni ubunifu wa madaha. Inasimuliwa kwamba sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: gari lilikuwa limefupishwa, na wahandisi waliokuwa wakikaa kiti cha nyuma cha gari la mfano walijikuta wakiupiga mlango kwa miguu kila waliposhuka, wakaona ni heri bawaba zihamishwe. Kampuni ikaongeza taa ya onyo kwenye dashibodi, ya kuwaka mlango usipofungwa sawasawa. Mzee wa viazi alinifungulia mlango wa nyuma ule. Niliingia kwa kurudisha mgongo na kukaa, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake sebuleni, bila kuinama wala kujikunja, na nilipotoka nilitoka nikiwa nimesimama wima. Kisha akaufunga kwa kidole kimoja. Sauti ilikuwa nzito na fupi. Kwa miaka yote niliyofunga milango ya magari niliyoitengeneza, sauti ile niliipata mara chache, na kila nilipoipata niliufungua mlango tena ili niisikie mara ya pili.

Gari hilo lilitoka pia katika umbo la paa la turubai la kukunjwa, nalo lilikuwa na milango minne, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa sababu magari ya wazi yalizoeleka kuwa na milango miwili. Turubai na vyuma vyake havikukunjwa vikaachwa mgongoni kama mzigo uliofunikwa, kama yalivyofanya magari mengi ya aina hiyo. Kifuniko cha buti kilifunguka kuelekea nyuma, paa likajikunja na kuzama lote ndani, kifuniko kikarudi mahali pake, na nje pakabaki bodi tupu kutoka kioo cha mbele hadi mkiani, bila dalili kwamba kuliwahi kuwa na paa. Ili hayo yatokee kulihitajika mota, pampu za mafuta, swichi na nyaya nyingi zilizofichwa, kila kimoja kikisubiri mwenzake amalize zamu yake, na nimewahi kusoma malalamiko ya mafundi wa kule ambao walitumia siku nzima kutafuta swichi moja iliyogoma. Paa likiwa ndani, buti halikubaki na nafasi ya kuweka hata sanduku la maana. Sitetei upungufu huo. Ninasema tu kwamba utulivu wote ule wa nje ulilipiwa na msongamano mkubwa wa ndani, na mwenye kulitazama barabarani hakuombwa kuujua.

Nisije nikaonekana nimelogwa, nikiri na mapungufu mengine. Nafasi ya miguu nyuma ilikuwa finyu kwa gari la bei ile, na mimi, ingawa si mrefu, magoti yangu yalikaribia kiti cha mbele. Kampuni ilikubali kosa hilo mwaka 1964, ikaongeza umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma kutoka inchi 123 hadi inchi 126, lakini katika matengenezo hayohayo ikaviondoa vioo vilivyopinda na kuweka vioo bapa. Abiria wa nyuma alipata sentimita zake chache, na gari likapoteza sehemu ya bega lake. Wapenzi wengi wa gari hili huyapenda matoleo yote ya miaka hiyo kwa usawa, na gari la paa la kukunja liliendelea kutengenezwa hadi 1967. Mimi ninabaki na matoleo matatu ya kwanza, ya 1961, 1962 na 1963, na sitabishana na mtu mwenye magoti marefu.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba si mimi peke yangu niliyeona. Mwaka huohuo wa 1961 wabunifu saba wa Ford walitunukiwa nishani na taasisi ya wabunifu wa bidhaa za viwandani ya Marekani kwa ajili ya gari hili, heshima ambayo ilikuwa nadra kupewa gari. Kisha Chrysler, nyumba ileile iliyoyapandisha mapezi mwaka 1957, ikamwondoa Virgil Exner katika ukuu wa ubunifu na kumchukua nani? Elwood Engel. Ukiitazama Imperial ya 1964 iliyotoka chini yake, utaona ubavu ulionyooka na ukingo ung'aao juu ya fenda, ukamtambua mzazi bila kuuliza. Cadillac nayo ikawa inapunguza mapezi yake mwaka hadi mwaka, kimyakimya, kama mtu anayejitoa kwenye ugomvi bila kuomba radhi.

Mwandishi wenu aliuliza mwishoni mwa makala yake ni nini ambacho mtu wa leo, aliyezoea magari madogo kutoka Japani, anaweza kukipenda katika majitu yale ya zamani. Kwa upande wangu jibu si ukubwa, wala si injini, wala si majina ya watu mashuhuri walioyapanda. Ni ule ubavu. Land Rover zetu za zamani, ambazo nimezinyoosha kwa mamia, nazo zina mabati bapa, na nazipenda. Lakini zilikuwa bapa kwa sababu ya shida, kwa kuwa Uingereza baada ya vita haikuwa na chuma cha kutosha wala muda wa kuchonga. Lincoln ilikuwa na fedha, mashine, mafundi na wateja waliokuwa tayari kulipia mapambo ya kila namna, na hata hivyo waliokuwa na penseli mkononi waliinua mkono juu ya karatasi wakaacha.

Nina ombi moja, Ndugu Mhariri. Magari ya zamani huchapishwa magazetini yakiwa yamepigwa picha kutoka mbele kwa mshazari, ili taa na shoo, yaani wavu wa mbele, vijae kwenye ukurasa, na kwa Cadillac ya 1959 hupigwa kutoka nyuma, ili mapezi yaonekane. Kwa Lincoln ya 1961 picha za namna hiyo zinaonyesha gari la kawaida tu, ndiyo maana msomaji anaipita. Mkiamua kuchapisha picha yake, nawaomba iwe ya ubavuni, iliyopigwa mpigapicha akiwa amechuchumaa usawa wa kitasa, jua likiwa limelala, na kama nafasi inaruhusu ipewe upana wote wa ukurasa bila kukatwa bampa hata moja.

Wako msomaji,
Fundi bodi mstaafu,
Sombetini, Arusha.